Kukoboa Alizeti Kabla ya Kukamua

Kipindi hiki, kinachowalenga wasikilizaji wa Kerende na maeneo mengine ya Tarime na Serengeti, kinaeleza hatua ambayo wakamuaji wadogo aghalabu huiruka, nayo ni kukoboa alizeti, yaani kuondoa ganda gumu ili kibaki kiini, ambamo karibu mafuta yote yamehifadhiwa. Ganda, ambalo huchukua takriban robo ya uzito wa mbegu, lina mafuta kidogo mno, bali lina nta inayoyatia mafuta ukungu na nyuzinyuzi ngumu zinazochakaza vyuma vya kinu, tena hunyonya sehemu ya mafuta yaliyokwisha kutoka.

Mashine ya kukobolea huwa na rota, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi na kuzirusha mbegu kavu kwenye ukuta wa chuma hadi zipasuke, kisha chekeche na feni hutenganisha maganda na viini, kwa kanuni ileile ya ungo unaopepeta wimbi katika nyua za Wakurya. Linalostahili kuzingatiwa sana ni kwamba maganda hayaondolewi yote, kwa sababu kiasi kidogo huyapa mafuta njia ya kupenya wakati wa kukamua.

Mashudu ya alizeti iliyokobolewa, yaani mabaki ya ukamuaji, yana protini nyingi zaidi, na ingawa ng'ombe humudu mashudu yenye maganda, kuku hawanufaiki nayo vivyo hivyo.