Kusoma Ramani: Mto Huhama, Ramani Haihami

Leo tutajifunza jinsi milima na mito inavyoandikwa katika karatasi. Aliye na ramani ya Kyela aiweke mbele yake. Asiye nayo na asikilize tu.

Watu wa Matema wanaijua Milima ya Livingstone, ilivyosimama kama ukuta kando ya Ziwa Nyasa. Je, mpimaji aweza kupanda kila mteremko na kushuka kila korongo? Hawezi. Kwa hiyo, baada ya Uingereza kuunda idara ya kupima makoloni yake mwaka 1946, kazi kubwa ilifanywa kwa picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Kila picha hurudia sehemu ya picha iliyotangulia. Picha mbili zikitazamwa pamoja kwa chombo cha vioo viwili, mlima huonekana umeinuka, na kimo chake hupimika.

Kimo hicho huandikwa kwa mistari ya kontua. Mstari mmoja huunganisha mahali pote penye kimo kilicho sawa. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi ni tambarare. Katika ramani ya 1:50,000, sentimeta 2 ni kilometa 1. Tazama nyuma ya Matema: mistari imesongamana. Tazama Kyela: imeachana. Ndiyo sababu maji ya Kiwira na Mbaka hushuka mbio kutoka upande wa Rungwe, kisha yakifika bondeni hupunguza mwendo, hutua mchanga na kufurika mashambani.

Sasa tazama Mto Songwe. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufanya kuwa mpaka. Leo watenga Tanzania na Malawi. Lakini karibu na ziwa mto huu hupinda kama nyoka, na mafuriko makubwa huweza kuukatia njia mpya. Mkulima aweza kuamka akakuta shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya pili, naye hakuhama! Ramani yamwonyesha mto wa siku ile picha ilipopigwa, si mto wa leo. Basi, kabla ya kuiamini, soma mwaka ulioandikwa pembeni.

Kazi ya juma hili: waulize wazee wa kijiji chako mto ulipita wapi zamani. Nendeni pamoja mkapaone, mpatie alama kwa penseli, mwandike na mwaka. Anayetaka kujenga nyumba na aitazame alama hiyo kwanza, kwa maana mto huweza kurudi katika njia yake ya kale.

Kwaherini, hadi somo lijalo.