Tarehe 5 Desemba mjini Kalemie

Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, baada ya saa nane mchana, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilizuka chini ya Ziwa Tanganyika, lililomo katika Bonde la Ufa, yaani mpasuko ambamo pande mbili za ardhi ya Afrika huachana polepole, likabomoa kuta za matofali mjini Kalemie, mashariki mwa Kongo, na kuua watu. Siku hiyo yastahili kutajwa redioni kila mwaka. Lakini huko Katanika, karibu na Kalemie, walikokimbilia maelfu ya watu kutokana na mapigano kati ya jamii za Watwa na Waluba na kujihifadhi katika vibanda vya nyasi, kila familia ina tarehe yake ya kuhama kijiji, isiyomo katika kalenda yoyote, nayo yafaa iandikwe wazee wangali hai.