Leseni ya Pikipiki kwa Kipato cha Kijiweni



Nimeombwa nieleze namna dereva wa bodaboda mwenye kipato kidogo anavyoweza kupata leseni. Nianze na msimamo wangu ili mada hii ipimwe mapema: fedha ya leseni ipo kijiweni. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuikusanya. Na kinachoifanya leseni ionekane mlima ni gharama ambazo haziandikwi kwenye risiti yoyote ya serikali.

Tuanze na hizo zinazoandikwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliongeza muda wa leseni ya udereva nchini Tanzania kutoka miaka 3 hadi miaka 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Viwango hivi huguswa mara kwa mara kwenye bajeti, kwa hiyo kila kijiwe kipeleke mtu ofisi ya TRA akaulize ada ya pikipiki ya mwaka husika kabla ya kuanza kuchanga. Mimi nitaitumia hiyo 70,000 kwa makusudi, maana hesabu ikitoka kwa kiwango kizito itatoka na kwa chepesi. Shilingi 70,000 kwa miaka 5 ni shilingi 14,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku, haifiki shilingi 40. Hakuna kitu kinachouzwa kijiweni kwa shilingi 40.

Upande wa pili kuna faini. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilishusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Tuliishangilia, na ilistahili kushangiliwa. Lakini anayeendesha bila leseni akiandikiwa mara 7 tu ndani ya miaka 5, ameshalipa ile 70,000 na leseni hana. Hapo sijagusa siku ambazo pikipiki inalala kituoni, wala zile shilingi elfu mbili, elfu tatu, zinazotoka mfukoni kimyakimya kila anapokutana na trafiki. Sisi tulioko humu tunajua kwamba wasio na leseni ndio wanaolipa zaidi.

Kama ni hivyo, kwa nini vijana wengi hawana leseni? Kwa sababu bodaboda hahesabu kwa miaka 5. Anahesabu kwa siku. Akiamka, fedha ya kwanza ni hesabu ya bosi, ya pili ni mafuta, na kinachobaki ndicho kinachokwenda nyumbani. Ukimwambia atoe 70,000 kwa mkupuo, unamwambia nyumba ilale njaa au bosi achukue pikipiki yake. Kwake si uzembe kuahirisha. Na hapa ndipo semina nyingi za usalama barabarani zinapokosea: zinamhubiria umuhimu wa leseni mtu ambaye anaujua umuhimu huo kuliko mhubiri.

Halafu kuna siku zinazopotea. Njia halali inajulikana: awe ametimiza miaka 18, apate namba ya NIDA na TIN, achukue leseni ya kujifunzia ambayo mitaani tunaiita lena, ahudhurie mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, afanye mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, ndipo arudi TRA kulipia na kupigwa picha. Kila hatua ina ofisi yake, na kila ofisi ina foleni yake. Siku moja ya foleni ni siku moja bila hesabu, na hesabu ya bosi haijui foleni. Ukijumlisha nauli na siku zilizopotea, mara nyingi zinazidi ada zenyewe. Anayetoka kijijini kwenda wilayani kufuata huduma hiyo anaumia mara mbili.

Kwenye pengo hilo ndipo kishoka anapopata riziki. Anakuja kijiweni na maneno matamu: leta picha mbili na fedha, usihangaike, leseni utaletewa hapahapa. Nataka niseme bila kuzunguka. Ndugu zangu, leseni ya kishoka ndiyo ghali kuliko zote. Ikiwa ni ya kughushi, namba yake ikiangaliwa kwenye mfumo haionekani, na kosa la kughushi ni jinai ambayo haimalizwi kwa faini ya shilingi 10,000. Ikiwa ni halisi lakini imepatikana bila mafunzo, mwenye nayo amenunua kadi na bado hajui kuendesha. Kadi haifungi breki.

Naomba nikae kidogo kwenye hili la kujua kuendesha, kwa sababu wenzetu wengi wanaamini kwamba mafunzo ni fedha ya bure kwa mtu ambaye tayari yuko barabarani. Wengi wetu tulifundishwa na rafiki, jioni, kwenye uwanja wa shule au njia ya vumbi. Rafiki anakufundisha klachi, gia na mizani. Ukishaweza kwenda na kurudi bila kuanguka, umehitimu. Ambacho rafiki hakufundishi ni kusimama.

Muulizeni kijana yeyote aliyejifunza hivyo anatumia breki gani akishtuliwa. Atasema ya nyuma, ya mguu, kwa sababu aliambiwa ya mbele itampindua. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linaserereka, na linasaidia kidogo sana. Gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi, na breki yake ndiyo inayosimamisha chombo. Mkufunzi mzuri anakufundisha kuibana taratibu, uanze kwa wepesi kisha uongeze nguvu uzito ukishahamia mbele, pikipiki ikiwa imenyooka na haijalala kwenye kona. Anakufundisha pia kuilegeza kwenye mchanga na kwenye lami iliyoanza kunyeshewa. Kisha anakupakiza abiria na kukuonesha kwamba umbali wa kusimama si ule uliouzoea ukiwa peke yako. Mambo haya yanafundishika ndani ya siku chache, na mtu anaweza kuendesha miaka kumi asiyajue.

Vivyo hivyo kwenye kipilefti. Sisi tunaendesha kushoto, na aliyemo ndani ya mzunguko, anayekuja kutoka kulia kwako, ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Nendeni mkasimame kwenye kipilefti chochote cha mjini asubuhi mkaangalie ni bodaboda wangapi wanaingia humo kwa kumpima mwenzao ujasiri. Kofia ngumu nayo ina somo lake. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani umeonesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia ambayo haikufungwa kidevuni inaweza kuruka kabla ya kichwa kugusa lami, na wengi hawakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kwa hiyo kwenye bajeti ya leseni, mahali pa kubana pasiwe kwenye mafunzo. Tubane kwenye nauli, kwenye siku na kwenye mkupuo.

Tunabanaje? Kwanza, twende kwa kundi. Kijiwe chenye watu 20 kina sauti ambayo mtu mmoja hana. Jeshi la Polisi na VETA wamekwisha kuendesha mafunzo ya bodaboda katika wilaya mbalimbali kwa kuwafuata madereva walipo, na chuo kinachotambulika kinaweza kukubali kupunguza bei kikiletewa darasa zima badala ya mwanafunzi mmoja. Kijiwe kiandike barua, mwenyekiti wa mtaa aipitishe, iende kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya na kwa chuo. Darasa lipangwe asubuhi baada ya watu kufika makazini, saa ambazo pikipiki zimejipanga kijiweni bila abiria, na liwekwe mwezi ukiwa kona, wakati fedha za watu zimeisha na biashara imelala. Fomu za wote zijazwe siku moja na mtu anayejua kuzijaza. Kwa wenzetu ambao kusoma ni kwa tabu, kundi ndilo mkombozi: alama za barabarani mtu anaweza kujifunza kwa picha na kuulizana jioni kijiweni mpaka zikamkaa.

Pili, mchezo. Hapa sina cha kuwafundisha, kila kijiwe kinacheza. Ninachoomba ni mchezo mmoja wa leseni peke yake, usichanganywe na ule wa kununua simu au wa kusaidiana misibani. Watu 20 wakiweka shilingi 1,000 kila siku, kwa siku 5 wamepata 100,000, inayotosha ada ya mmoja na chenji ya kuanzia mafunzo. Kwa siku 100 wote 20 wamefikiwa. Fedha isikabidhiwe mkononi. Mweka hazina alipie moja kwa moja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa simu, na risiti ibandikwe kijiweni. Kwa wenzetu wa Lindi na Mtwara, ambako mzunguko wa fedha unapanda korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, mchango uwekwe mkubwa msimu huo na upunguzwe baadaye. Kila eneo lina msimu wake.

Tatu, wamiliki. Nawaheshimu, lakini hapa nitawagusa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimkatazi tu asiye na leseni kuendesha. Inamkataza pia mwenye chombo kumruhusu mtu wa namna hiyo akiendeshe. Mikataba ya bima nayo huweka sharti la dereva mwenye leseni, kwa hiyo bosi anayempa pikipiki kijana asiye na leseni ameiweka mali yake rehani. Kwa hiyo gharama hii ni ya wawili. Pendekezo langu ni kipengele kimoja kwenye mkataba: bosi alipie mafunzo na leseni mwanzoni, na dereva aongeze shilingi 1,000 juu ya hesabu ya kila siku mpaka deni liishe. Kwa miezi 3 bosi amerudishiwa karibu 90,000. Akitaka kuwa muungwana zaidi, abebe nusu. Na siku za mafunzo na mtihani zisidaiwe hesabu. Wapo wamiliki wanaofanya hivi tayari, na madereva wao hawahami hovyo.

Mikopo ya halmashauri nayo tumeiacha kando bila sababu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya bodaboda huandika maandiko ya kununua pikipiki na kusahau mwendeshaji. Andikeni leseni, mafunzo na kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki kama sehemu ya mtaji, maana bila hivyo pikipiki ya mkopo itaishia kukamatwa kabla marejesho hayajaanza.

Kuna jambo moja la kiufundi linalowagharimu watu mara mbili. Madaraja ya leseni yanatofautiana: A1 ni ya pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na A ni ya zile zinazozidi hapo. TVS HLX 125 iko chini ya mstari huo kwa nukta tu, Boxer BM 150 iko juu. Dereva wa kukodishwa hachagui pikipiki, na deiwaka, anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku, ndiyo kabisa: leo yuko na ndogo, kesho na kubwa. Kabla ya kwenda kwenye mtihani hakikisheni mnaombea daraja linalofaa kwa chombo mtakachoendesha, ili msije mkaanza foleni upya.

Na lena isitumike kubebea abiria. Imetolewa kwa ajili ya kujifunza. Anayeigeuza kibali cha biashara anamhatarisha mtu aliyemlipa nauli kwa kumwamini.

Ninawaomba viongozi wa vijiwe mnaonisikiliza muanze wiki hii na kazi moja: daftari la kijiwe lenye jina la kila dereva, daraja la leseni yake na tarehe inapoisha. Asiye nayo aandikwe mbele kwenye mchezo. Maafisa wa TRA na wa usalama barabarani mlioko hapa nawaomba mtutengee siku moja kila mwezi ya kuhudumia makundi, mtihani na picha vifanyike siku hiyo hiyo. Tukipata siku hiyo, kishoka hatakuwa na cha kutuuzia.