Kazi ya Wakili katika Mashauri ya Ardhi



Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya wakili wa mashauri ya ardhi ni kusimama mbele ya jaji, amevaa joho, na kunena kwa ufasaha. Huo ni upande mdogo tu. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika mezani, katikati ya karatasi.

Mfikirini mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi, akanunua ekari mbili za shamba huku Kenya. Mkataba uliandikwa mbele ya wazee, fedha zikalipwa, naye akajenga nyumba na kupanda migomba. Baadaye mwuzaji akafariki, na wanawe wakamwamuru mnunuzi aondoke. Mtu huyo humwendea wakili akiwa na karatasi moja iliyokunjwakunjwa mfukoni, akiamini kwamba inatosha.

Wakili haulizi kwanza habari za fedha. Huuliza kama Bodi ya Ardhi ilitoa ridhaa. Kwa sheria ya mwaka 1967, mauzo ya ardhi ya kilimo hayana nguvu pasipo ridhaa hiyo, na maombi yapasa kupelekwa kabla ya miezi 6 kupita tangu mkataba kufanywa, isipokuwa Mahakama Kuu iongeze muda. Ridhaa isipokuwapo, mnunuzi huruhusiwa kudai fedha zake. Lakini fedha alizolipa zamani huenda leo zisinunue hata robo ya shamba lile! Ni kweli kwamba mahakama zimepata kuwaokoa wanunuzi wa namna hiyo kwa kutazama haki, bali njia hiyo ni ndefu na ina gharama.

Kisha wakili hulipekua daftari la ardhi, apate kujua ni jina la nani lililoandikwa, na kama shamba limewekwa rehani benki. Likiwa bado ni jina la marehemu, huharakisha kuandikisha zuio, kama sheria ya mwaka 2012 inavyoruhusu, ili shamba lisiuzwe kwa mtu mwingine wakati shauri linangoja. Wakiwa warithi wamekwisha kujipatia hati kwa hila, sheria hiyohiyo yaruhusu hati hiyo kupingwa. Wazee walioshuhudia mauzo nao hutafutwa mapema, maneno yao yaandikwe kwa kiapo wangali hai.

Kabla ya kufungua shauri katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, wakili mwenye busara huwaandikia warithi barua ya upole. Pengine hawakuambiwa kamwe kwamba baba yao alipokea fedha. Hata wakikubali, mmoja wao hawezi kutia sahihi tu. Yapasa kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo ndiye atakayekwenda pamoja na mnunuzi mbele ya Bodi, na mwishowe jina la mnunuzi liandikwe daftarini.