Msomi na Darasa la Kwanza
Hotuba ya walimu wastaafu watatu mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Ngamiani, Tanga



Sisi tunaosema leo ni walimu wastaafu watatu wa hapa hapa Ngamiani. Tumekubaliana kusema kwa kinywa kimoja, maana kila mtu akisema peke yake tutakesha, na walimu mnawajua wakipata watu wa kuwasikiliza.

Jambo lililotuleta ni dogo kwa kulitazama. Binti mmoja wa mitaa yetu amemaliza kidato cha sita na kupata alama za kumwingiza chuo kikuu. Akaulizwa barazani atasomea nini. Akajibu kwamba anataka shahada ya ualimu, na akiisha kuipata arudi kufundisha watoto wadogo wa shule ya msingi. Baraza zima likacheka. Mzee mmoja, tena mtu wa heshima zake, akasema, "Miaka mitatu chuo kikuu, kisha urudi kwenye a, e, i, o, u? Hizo hata mimi nazijua!" Binti akanyamaza. Tangu siku ile twasikia anafikiri kubadili fomu na kuandika mambo ya biashara.

Nasi tulikuwapo. Hatukucheka, lakini pia hatukusema neno. Leo tumekuja kulipa deni hilo.

Ndugu wananchi, kicheko kile hakikuzaliwa juzi. Wajerumani walipofungua shule yao hapa Tanga mwaka 1892, walikuwa wakitaka makarani, wakalimani na maakida, watu wa kuwasaidia kutawala na kukusanya kodi. Ni kweli shule ile ilitoa walimu vile vile, na kuanzia mwaka 1904 ilipiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, jambo ambalo watu wa Tanga twaweza kulionea fahari mpaka leo. Lakini funzo lililobaki vichwani mwa wazee wetu ni moja: mtoto akisoma, huondoka. Huenda bomani, huenda ofisini, huvaa kaptula iliyopigwa pasi, na harudi tena kwenye vumbi la chaki.

Waingereza walipokuja ngazi ikawa ile ile. Mtoto alichujwa darasa la nne, akachujwa tena mbele. Aliyesoma kidogo kupita wote ndiye aliyepewa madarasa ya chini, na aliyesoma sana alipelekwa juu, na waliofika Makerere walikuwa wa kuhesabiwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyesoma Makerere kuanzia 1943 mpaka 1945 na kupata digrii yake Edinburgh mwaka 1952, alifundisha sekondari Tabora na Pugu. Hatumlaumu, huko ndiko mtu kama yeye alikopelekwa siku zile. Twataka tu mwone kwamba mpango wenyewe ulisema hivi: mtoto mdogo apewe mwalimu mdogo.

Tukajitawala. Mwezi Oktoba 1961, kabla hata bendera yetu haijapanda, Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Baadaye kikahamia Mlimani, kikaanza kutoa digrii za elimu. Lakini digrii zile zilikuwa za kufundisha sekondari, na nyingine za kufundisha katika vyuo vya ualimu. Shule ya msingi ikaendelea kuachiwa watu wa cheti. Basi hapa hatuna mkoloni wa kumlaumu, tulifanya wenyewe, na sababu tulikuwa nayo: nchi ilikuwa maskini, na watoto walikuwa wengi mlangoni.

Hapo twafika kwenye habari yetu wenyewe. Mwezi Novemba 1974, mkutano wa TANU huko Musoma ulikata shauri kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Lilikuwa shauri kubwa na la haki, na hatutamruhusu mtu alitukane mbele yetu. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa darasani huku wakijifunza kazi ile ile. Asubuhi twafundisha, mchana twafundishwa, jioni twasikiliza redio na kusoma vitabu vilivyoletwa kwa posta. Zaidi ya vijana 35,000 walifuzu kwa njia hiyo nchi nzima, na wawili kati yetu tuliosimama hapa tumo. Watu wakatupa jina, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka nao, lakini liliuma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake.

Twataka kuwaeleza ukweli huo ulivyokuwa.

Sisi watu wa pwani tukisema mtoto amekwenda chuoni, hatusemi chuo kikuu. Twasema amekwenda kuketi mkekani kwa mwalimu wa Kurani, tangu ana miaka minne au mitano. Huko hujifunza herufi zinazotoka kuume kwenda kushoto. Basi mwaka mmoja tulimpokea mtoto wa namna hiyo katika darasa la kwanza, mtoto mwepesi, aliyekwisha kujua alifu-be-te yake yote. Tukampa chaki aandike jina lake ubaoni. Akaanza upande wa kuume, na herufi zake zikatazama nyuma kama zimeandikwa kwenye kioo. Tukampiga. Kesho yake akaandika vile vile, tukampiga tena, tukamwita mkaidi. Baada ya miezi michache akaacha kuja.

Ndugu zangu, mtoto yule hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kujifunza kusoma mara moja, na alikuwa akitumia elimu aliyonayo. Mwalimu aliyesomea namna akili ya mtoto inavyokua angeliona jambo lile kwa dakika moja. Angeliweka nukta ya wino upande wa kushoto wa ukurasa, amwambie, "Kule wanaanzia huku, hapa twaanzia huku," na kwa wiki chache mtoto angelikuwa mbele ya wenzake wote kwa sababu ya chuo chake, si nyuma kwa sababu yake. Sisi hatukulijua hilo. Hapakuwa na mtu wa kutufundisha. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, anatengeneza baiskeli hapa mitaani, na fundi hodari. Tukipita hutuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tunaitikia marahaba, tunaharakisha mwendo.

Sasa, mzee wetu, ndiyo a, e, i, o, u hizo. Wewe wazijua, nasi tulizijua. Kuzijua ni jambo moja, na kumfanya mtoto wa miaka sita azijue ni jambo jingine kabisa. Mtoto anayeimba moja mpaka mia kama kasida, ukimwekea machungwa saba ya Muheza na kumwambia atoe matatu, anabaki kukutazama. Mtoto anayesoma "ngoma" vizuri hukwama kwenye "ng'ombe", na mwalimu asiyejua sababu humwambia asome tena kwa sauti kubwa, kana kwamba shida ni koo. Yuko mtoto aliyeketi nyuma, hajibu, anaitwa bubu wa darasa, kumbe sikio lake moja halisikii. Anayesomea shahada hujifunza mambo haya: saikolojia ya mtoto, namna ya kupima alichoelewa, namna ya kutunga somo, na namna ya kumtambua mwenye ulemavu kabla hajaonekana mvivu. Kisha hupelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, anakaguliwa, anakosolewa mbele ya watu, anarudi tena. Kule Lushoto chuo cha Sebastian Kolowa, kilichoanza mwaka 2007, kiliandaa hasa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Pale Mlimani ipo digrii ya elimu ya watoto wadogo kabisa. Hiyo si elimu ya kitoto, ni elimu ngumu.

Tusidanganyane, lakini. Tumewaona wenye digrii wasioweza kunyamazisha darasa, na tumewaona wenye cheti waliokuwa mabingwa mpaka wazazi wakahamisha watoto kuwafuata. Digrii haimfanyi mtu apende watoto. Twasema tu kwamba yule bingwa mwenye cheti, kama angelipewa elimu zaidi na kubaki pale pale, tungelipata nini?

Kubaki pale pale ndipo penye kidonda. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na walimu wengi wa shule za msingi wakafurahi, maana wangeweza kusoma bila kuacha kazi. Mmoja wetu alikuwamo. Alisoma usiku kwa kibatari umeme ulipokatika, akafanya mitihani, akapata digrii akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Tulimfanyia pilau. Akaenda wapi? Hakurudi darasa la kwanza. Aliomba ofisi, akapata ofisi, na hadi anastaafu alikuwa akipiga mihuri. Yuko hapa jukwaani, amekubali tuseme. Kila alichojifunza juu ya mtoto kilifungiwa kwenye kabati pamoja na joho. Na hakuwa peke yake. Walimu waliojiendeleza walikuwa wakitoka msingi kwenda sekondari, kwenda ofisini, na shule za msingi zikawa kama kituo cha garimoshi.

Halafu ukaja mwaka 2016, ada na michango ya lazima vikaondolewa, watoto wakafurika darasa la kwanza. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nanyi wazazi mnajua wenyewe watoto wenu huketi wangapi. Mwaka 2018 walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa, waliokuwa wamezidi, wakahamishiwa shule za msingi. Wengi walikuwa na digrii zao. Wengine walilia, wakaona wameshushwa cheo. Hatuwacheki. Mtu aliyesomea kumfundisha kijana wa kidato cha tatu historia, hukumwandaa kukaa na mtoto anayelia kumtaka mama yake. Digrii alikuwa nayo, lakini haikuwa ya kazi ile.

Jirani zetu wamekwisha kuamka. Uganda, katika sera yao ya walimu ya mwaka 2019, walikata shauri kwamba kila mwalimu awe na digrii, hata wa watoto wadogo. Kenya waliacha cheti cha zamani cha P1, na tangu 2021 walimu wao wa shule za msingi wanaandaliwa kwa stashahada. Finland, nchi ya mbali yenye baridi, tangu mwaka 1979 inamtaka mwalimu wa shule ya msingi awe na shahada ya pili, tena vijana wanaigombea nafasi hiyo. Na sisi hapa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepanga elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Shule ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita. Yaani yale tuliyoshindwa kuyafanya kwa miaka saba, tutayafanya kwa sita. Nani atayafanya kama si mtu aliyejiandaa?

Watu watauliza habari ya mshahara, na ni haki yao. Ngazi ya mwalimu hufuata elimu yake: mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye digrii D. Kinachouma ni kwamba mwalimu akiisha kujiendeleza akiwa kazini, kubadilishiwa ngazi huchukua muda mrefu, na wengine huchoka wakaondoka. Hilo twataka tawi hili liliandike kwenye kumbukumbu za leo na lipelekwe juu kwa maandishi. Kumwambia binti wa watu awe mzalendo huku faili lake limelala ni kumdhulumu. Na nyumba za walimu pia, maana tumewahi kulala wanne chumba kimoja na daftari za kusahihisha chini ya mto.

Binti tuliyemtaja yuko hapa, ameketi upande wa kina mama. Hatutamwita jukwaani, amekwisha kutazamwa vya kutosha. Mzee wetu wa baraza naye yupo, na tulimwendea jana usiku tukamweleza tutakayoyasema, kwa adabu inayompasa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mjukuu wake aliye darasa la pili, asiyejua kusoma bado, anaweza kuletwa kwetu jioni. Tumemwambia amlete.

Mkutano ukiisha sisi hatuondoki. Kila mwenye cheti cha kidato cha sita, na kila mwalimu mwenye stashahada anayetaka kuendelea, abaki. Tunao mwongozo wa TCU wa vyuo na sifa zinazotakiwa, na kijana mmoja ana simu ya kuingilia mtandaoni. Tutawaonyesha namna ya kuomba mkopo Bodi ya Mikopo na makosa yanayowafanya watu wakose. Njoni na vyeti vyenu na namba zenu za mtihani. Walio na kalamu waazime wenzao.