Masomo ni ya bure, mega ndiyo shida

Vijana wetu wanaotengeneza radio wananiuliza kila siku: antena inashika mawimbi namna gani? Kumbe maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Marekani, iliweka kwenye intaneti video za masomo ya rada, bure kabisa. Mwaka 2011 walitoa hata somo la kujenga rada ndogo: antena zake ni mikebe miwili ya kahawa, mmoja unatuma mawimbi, mwingine unapokea yanayorudi. Mikebe tuko nayo! Vyombo vingine, hapana. Basi tuanze na video. Tununue mega mara moja, tupakue, tugawane kwa kadi ya memori. Na ninyi mliosoma Kiingereza kule Uganda, mje Jumamosi kututafsiria.