Singe la Babu Lina Maandishi, Tulisome

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa Mpanda, Mkoa wa Katavi.)



Tulipojifunza kusoma tulikuwa na hamu ya kusoma barua, na kusoma mizani siku ya kuuza tumbaku. Leo hebu tusome chuma.

Singe ni kisu kirefu kinachochomekwa mbele ya bunduki. Aliyefika Dar es Salaam ameiona Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927: askari ameshika bunduki, na singe liko mbele. Masinge ya namna hiyo wazee walirudi nayo nyumbani. Mengine yanachinjia mbuzi mpaka leo. Mengine yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mengine vijana huyapiga tupa mpaka herufi zote zinafutika. Hapo ndipo pana hasara, kwa sababu zile herufi ni ushahidi wa ukoo.

Vita ya kwanza ilituzunguka pande zote. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliingia Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Mwezi Julai Wabelgiji kutoka Kongo waliiteka Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaichukua Tabora. Sisi tuko katikati. Halafu katika Vita Kuu ya Pili askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walikwenda Ethiopia, Madagaska na Burma. Basi singe laweza kuwa la vita hii au ile, na maneno ya mdomo peke yake hayatoshi.

Chukua singe refu la Waingereza, la bunduki ya Lee-Enfield. Ubapa wake una kama sentimita 43. Usilisugue kwa msasa! Lifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha tazama shina la ubapa, pale unapokutana na mpini. Kama herufi hazionekani vizuri, weka karatasi juu yake usugue kwa penseli. Zitatokea.

Juu kuna taji. Chini ya taji kuna herufi za mfalme: ER ni Edward wa Saba, aliyefariki mwaka 1910, GR ni George. Lakini George walikuwa wawili, wa Tano na wa Sita, na wa Sita alifariki mwaka 1952. Kwa hiyo GR peke yake haitufikishi mbali.

Chini yake utasoma 1907. Hapa watu wengi hukosea. Wanasema, "Aa, singe hili lilitengenezwa mwaka 1907!" Sivyo. Hiyo ni namba ya mtindo, mtindo wa mwaka 1907, nayo iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye. Mwaka wenyewe uko chini, karibu na jina la kiwanda, kama Wilkinson, Sanderson au Chapman. Ukikuta 5 kisha 17, maana yake ni mwezi wa tano, mwaka 1917.

Sasa geuza upande wa pili. Mshale mpana unaofanana na unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha inaonyesha kwamba serikali ililiuza, haikuibiwa. Alama ya X ni ya jaribio la kulikunja ili kuona kama chuma ni imara. Vijitaji vidogo vyenye namba ni vya wakaguzi.

Tundu dogo kwenye kitako cha mpini lilianza mwaka 1916, lakini masinge ya zamani nayo yalitobolewa baadaye, kwa hiyo tundu si ushahidi mkubwa.

Tuseme ukoo unasimulia kwamba babu alilibeba singe lao siku Tabora ilipotekwa, na chuma kinasema 5 17. Siku ile singe hilo lilikuwa bado halijatengenezwa. Je, babu alidanganya? Hapana, si lazima. Huenda alikuwepo Tabora na singe hili akalipata baadaye. Ulizeni tena, taratibu, na kwa heshima ya wazee.

Tena pengine babu alikuwa upande wa Wajerumani. Singe la Kijerumani litazame mgongoni mwa ubapa: taji, herufi W ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 15. Majina ya miji kama Solingen, Suhl au Erfurt huwa kwenye shina. Mtu mmoja aliweza kubeba yote mawili. Kikosi cha 6 cha Keya kiliundwa mwaka 1917, na wakaingizwa humo askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Kwa hiyo mkikuta namba 6 na herufi K.A.R. kwenye chuma, msiuze kabla ya kuzinakili daftarini pamoja na jina la aliyelileta nyumbani.

Mzee mmoja aliuliza: "Langu halina makali, ni kama msumari tu. Hilo nalo ni singe?" Ndiyo, Mzee wangu. Hilo ni la bunduki ya Namba 4, lina kama sentimita 20. Ni la Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mwenye nalo aulize habari za Burma, asiulize za Tabora.